Ukuta Ulipoanguka Juu ya Kitanda cha Susu

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi. Bwana asifiwe! Wengi hapa Ruiru mnanijua kama Mama Kioko, yule anayekaa karibu na stesheni ya reli. Mchungaji ameniomba nisimame niseme juu ya ule upepo wa miaka ya hamsini. Nimeusema mara chache sana maishani mwangu, na nikifika mwisho mtajua kwa nini. Mnivumilie, mimi si mtu wa maneno mengi.

Wakati ule mume wangu Musyoka alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mkonge, kule chini ya Kalimoni, mahali nchi inapokuwa tambarare na unaona Kilima Mbogo mbele yako kila asubuhi. Kazi yake ilikuwa kulisha majani kwenye mashine inayotoa nyuzi. Alirudi jioni ananuka maji ya mkonge, na mikono inamwasha mpaka tunaipaka mafuta. Wafanyakazi wengi walikaa kwenye laini, zile nyumba za safu za shamba, karibu na kiwanda. Sisi tulikuwa tumepewa nyumba ya udongo kando ya shamba, kwa sababu tulikuwa na mama yake Musyoka, na mama alikuwa na mbuzi wake ambao hangekubali kuachana nao. Tulimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, kwa ajili ya mtoto. Nyonga yake moja ilikuwa mbaya na alitembea kwa fimbo.

Majirani hatukuwa nao tena. Kulikuwa na nyumba ya Wakikuyu pale karibu, watu wazuri tuliokuwa tunaombana moto na chumvi, lakini ilikuwa Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, wakaja kuhamishwa na kupelekwa kijiji cha serikali. Nyumba yao ilibaki na mlango wazi. Kwa hivyo siku ya shida ilipokuja, tulikuwa peke yetu.

Sasa, ndugu zangu, ni lazima niwaambie nilivyokuwa. Kabla ya Kioko nilizaa watoto wengine wawili, na wote wawili niliwazika. Wa kwanza alichukuliwa na homa. Wa pili hakufika hata kupewa jina. Mama aliyezika mtoto halali kama watu wengine wanavyolala. Kioko alipozaliwa, nilikuwa naamka kila wakati naweka mkono chini ya pua yake nisikie kama anapumua. Alipofika umri wa kutembea, sikumwacha atembee. Nilikuwa naye mgongoni nikilima, nikichota maji, hata nikipika. Wanawake wa laini walinicheka, wakasema huyo mtoto atasahau kwamba amepewa miguu.

Na nilikuwa nimeokoka! Nilikuwa nimempokea Bwana kwenye mkutano huko Thika, mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia. Nilikuwa nimeokoka, lakini woga wangu haukuwa umeokoka. Kila nilipopiga magoti niliomba jambo moja tu, Mungu asinichukulie na huyu. Sikuwa na ombi lingine. Sikujua hata kumwuliza Mungu habari zake Yeye mwenyewe.

Susu naye alikuwa anaona yale ninayoyaona. Alijua nimezika wawili, na hao walikuwa wajukuu wake pia. Akataka kumwita mganga kutoka kwetu, amfunge mtoto kitu kiunoni cha kumlinda. Mimi nikakataa. Nilimwambia kwa heshima kwamba mtoto wangu analindwa na Bwana. Susu akasema, "Sawa. Mtoto ni wako." Tangu siku hiyo maneno yakapungua kati yetu. Tuliongea juu ya kuni, tukaongea juu ya maji, basi. Musyoka alikuwa katikati, hakuwa wa kanisa bado wala hakuwa wa mganga, na mara nyingi alitoka nje akakaa akisokota kamba za katani ili asisikie jinsi tulivyonyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa mvua za masika, lakini mvua ilikuwa imechelewa na joto lilikuwa baya. Mchana Musyoka alirudi mapema. Mashine ilikuwa imeharibika na nyapara alikuwa amewaruhusu waende. Namshukuru Mungu kwa ile mashine kuharibika, kwa maana upepo ule ungetukuta wanawake peke yetu. Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni. Musyoka akaniambia nitazame upande wa Kilima Mbogo. Mlima haukuonekana. Mahali ulipokuwa palikuwa na kitu cheusi, na chini ya kile cheusi kulikuwa na vumbi jekundu lililosimama kama ukuta, linakuja.

Mimi upepo nilikuwa naujua. Kule tambarare upepo ni jambo la kila siku. Lakini huu ulikuja na sauti. Kwanza nilifikiri ni gari moshi limepotea njia. Mbuzi waliingia ndani wenyewe bila kufukuzwa wakaenda moja kwa moja chini ya kitanda cha Susu. Kitanda kile kilikuwa cha zamani, cha nguzo za mti mgumu zilizochimbiwa ardhini kabisa, na juu kimewekwa fito na ngozi ya ng'ombe. Kilisimama kando ya ukuta unaotazama Kilima Mbogo, na mbuzi walikuwa wamezoea kulala chini yake.

Upepo ukafika. Nyumba ikatikisika, vumbi likaingia kila mahali, hatukuonana. Musyoka akasema twende kiwandani, kile ni cha mawe. Lakini kufika kiwandani ni kupita uwanja mtupu, kama kutoka hapa kanisani mpaka ng'ambo ya reli, na Susu hakuweza kukimbia hata hatua moja. Musyoka akaniambia nichukue mtoto nikimbie, yeye abaki na mama yake. Nikamfunga Kioko mgongoni kwa leso nikafungua mlango. Ndugu zangu, wakati ule ule bati lilitoka kwenye ile nyumba ya jirani iliyohamwa, likapita mbele yangu likizunguka kama sahani, likakata mpapai wetu katikati. Mpapai ulianguka pande mbili. Nilisimama pale na mtoto mgongoni, nikaona kwamba kama ningetoka mapema kidogo, lile bati lingekutana na sisi.

Nikafunga mlango. Tukasukuma sanduku la nguo nyuma yake, na jiwe la kusagia nyuma ya sanduku. Hatukujadiliana tena. Tulikuwa tumebaki.

Musyoka akachukua zile kamba zake za katani. Akapanda juu ya kiti, akafunga boriti za paa, akashusha kamba na kuifunga kwenye nguzo ya katikati ya nyumba, na nyingine akaishika mwenyewe kwa mikono, akaning'inia nayo. Kila upepo ulipovuta, paa liliinuka naye akainuka nalo, miguu ikaachana na ardhi, kisha akashuka tena. Nilimshika kiuno ili awe mzito. Ndivyo tulivyosimama, mume na mke, tunashindana na upepo kama watu wanaovutana na ng'ombe. Kioko alikuwa mgongoni mwangu analia mpaka sauti ikaisha.

Halafu upande mmoja wa paa ukaondoka. Hatukusikia hata ukikatika, kwa kelele ile. Tuliona tu mwanga, kisha mvua ya mawe ikaanza kutuangukia ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mawe mengine yalikuwa kama mayai ya njiwa. Moto ukazimika. Nikamtoa Kioko mgongoni nikamweka kifuani na kumfunika kwa mwili wangu, lakini maji ya baridi yalikuwa yanapita shingoni kwangu yanamfikia. Alianza kutetemeka. Baadaye akaacha kutetemeka, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Hapo ndipo Susu alipoongea. Alikuwa ameshaingia chini ya kitanda chake, kati ya mbuzi. Aliniambia, "Mlete huku kwangu. Wewe huna joto tena."

Sijui kama mtanielewa. Tangu mtoto yule azaliwe, sikuwahi kumpa mtu mwingine ambebe isipokuwa nikiwa nimesimama hapo hapo. Na huyu alikuwa ni yule mwanamke tusiyeongea naye. Lakini nilimtazama mtoto, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na nilijua Susu anasema kweli. Sikuwa na joto. Nilikuwa nimemkumbatia kama jiwe la mtoni. Nikatambaa mpaka kitandani nikamwingiza mikononi mwake. Susu akamvua nguo zile mbichi, akamlaza kwenye tumbo la mbuzi mkubwa, naye akajilaza upande wa pili. Nikarudi kumshika Musyoka, kwa sababu nusu ya paa ilikuwa bado iko na ilikuwa inataka kwenda.

Haikupita muda. Ukuta wa upande wa Kilima Mbogo ulikuwa umekunywa maji mpaka ukawa uji. Upepo ukaupiga mara moja. Ukuta wote ukaanguka ndani, juu ya kitanda cha Susu.

Ndugu zangu, mahali palipokuwa na kitanda niliona lundo la udongo tu. Nilikuwa nimetoka kumweka mtoto wangu hapo kwa mikono yangu miwili.

Watu huniuliza niliomba nini. Wanatazamia sala ndefu. Sikuweza kusema yale niliyozoea kusema, kwamba asinichukulie huyu, kwa maana niliona ameshachukuliwa. Nilipiga magoti kwenye ule udongo na mvua ya mawe ikinipiga, nikasema kwa sauti, "Bwana, mimi siwezi kumshika tena. Mshike wewe." Basi. Maneno hayo tu. Sikuona nuru, wala sikusikia sauti. Lakini kitu kilichokuwa kimenikaba hapa kooni, tangu siku nilipomzika yule wa kwanza, kilinitoka. Kilitoka kabla sijajua kama mtoto ni mzima ama amekufa. Hilo nataka mlisikie vizuri. Kilitoka kabla!

Nikaanza kuchimba kwa mikono. Musyoka aliachilia kamba, na paa lililobaki likaenda zake, hatukuligeukia hata kulitazama. Tukachimba kwa vidole, kwa kifuniko cha sufuria, kwa kipande cha ubao. Jembe tuliliogopa, lisije likamkata mtu. Kisha tukasikia mbuzi akilia, chini kabisa.

Nguzo za kitanda upande wa miguu zilikuwa zimevunjika, lakini za kichwani zilikuwa zimesimama, na fito na ile ngozi ya ng'ombe vikawa vimelala mshazari kama paa dogo. Chini yake kulikuwa na nafasi. Musyoka akapitisha mkono, akamgusa mama yake. Tulipofungua tulimkuta Susu amejiinua kwa magoti na kiwiko kimoja, mgongo umebeba fito na udongo, na mfupa wa bega umevunjika. Chini ya tumbo lake, kati yake na mbuzi, alikuwa Kioko. Alikuwa mkavu. Alikuwa na joto. Alituangalia kwa macho yake makubwa, akashika sikio la yule mbuzi, akasema, "Mbui." Ni mbuzi kwa Kikamba. Mpaka siku ile alikuwa anasema mama na baba peke yake.

Musyoka alikaa chini kwenye maji akalia. Mimi sikulia. Tuliingia sote chini ya kile kipande cha kitanda, mimi, mume wangu, Susu, mtoto na mbuzi, tukangoja upepo upite. Kuta nyingine zilikuwa zinaanguka nje na ndani. Na pale chini, ndugu zangu, nikagundua jambo. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya Susu, na mimi sikuwa nimeweka mkono chini ya pua yake. Nilikuwa nimesahau kuweka. Bwana asifiwe!

Jua halijatua, upepo uliisha kama ulivyokuja. Nyapara alitoka kiwandani na wanaume wengine wakatukuta. Walimlaza Susu juu ya mlango wetu, kwa kuwa mlango ndio uliobaki mzima, wakambeba hivyo mpaka kiwandani. Watu wote wa laini walikuwa hapo, kwenye chumba cha nyuzi. Kulikuwa na marundo ya katani nyeupe, kavu, na tulimlaza Kioko juu yake akalala kama mtoto wa tajiri.

Sasa nafika mahali pagumu. Kando yangu, juu ya rundo lile lile, alikuwa ameketi mama mmoja Mjaluo, Mama Odhiambo. Tulijuana kwa kisima. Alikuwa na kitu kifuani kimefungwa kwa shuka. Nilimsalimu, hakuitikia. Kisha nikaona. Alikuwa binti yake mdogo, wa kunyonya. Boriti ya nyumba yao ya laini ilikuwa imemwangukia.

Nyapara alikuwa mtu wa kanisa. Alikuwa amesikia kwa Musyoka jinsi tulivyomchimbua mtoto, na akataka nisimame pale pale nishuhudie, watu wapate moyo. Wengine walikuwa wameanza kuimba. Nilitikisa kichwa. Ningesimamaje? Ningesema Mungu amemwokoa mtoto wangu, huku mwenzangu anasikia, ameshika wake kwenye shuka? Mama yule naye alikuwa mwombaji kama mimi, aliomba kunizidi. Kioko aliamka akaanza kuitisha chakula kwa sauti, na niliona haya kwa sauti yake. Nikasogea nikaketi karibu na Mama Odhiambo mpaka walipokuja kumchukua mtoto. Nilimshika mkono tu.

Susu mfupa wake ulichukua muda kupona. Ni mimi niliyemlisha. Siku moja nampa uji, akaniuliza kama nakumbuka nilivyoomba juu ya udongo. Nikasema nakumbuka. Nilifikiri sasa ataniambia kwamba kama tungemwita mganga, ukuta usingeanguka. Badala yake akasema, "Nilikusikia. Uliomba kama mtu anayeongea na mwingine aliye humo humo ndani ya nyumba." Akamaliza uji wake. Sitawadanganya, hakuokoka siku ile. Lakini kila jioni baada ya hapo, kabla ya kulala, aliniambia, "Haya, ongea na yule wako," na nikiomba alinyamaza akasikiliza. Habari ya mganga hakuirudia. Musyoka alibatizwa mwaka uliofuata. Susu alibatizwa baada ya miaka mingi, tumeshahamia hapa Ruiru, na ilibidi abebwe kwenye kiti. Wengine walisema amechelewa. Mimi nilisema amefika.

Na mimi? Woga umerudi kunibishia hodi mara nyingi, hasa Kioko alipougua surua, hasa nilipowazaa wadogo zake. Umebisha, lakini haujapata tena kuwa mwenye nyumba. Kioko nilimwacha atembee. Alianguka kama watoto wote, akaamka.

Lakini ushuhuda huu niliuficha. Miaka na miaka kanisani watu wakisimama, mimi nakaa. Nilikuwa namwona yule mama na shuka yake, naona midomo yangu inafungwa. Kisha mume wa Mama Odhiambo alipata kazi ya reli, wakahamia hapa Ruiru, tukawa tunaabudu pamoja. Siku moja tunafagia kanisa, sisi wawili, akaweka ufagio chini akaniuliza kwa nini sijawahi kusema habari ya upepo. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kwa ajili yake. Akanisogelea. Kisha akasema, "Mama Kioko, wewe unaninyima. Siku ile watoto walikuwa wawili. Mmoja najua alikoenda. Huyu wa pili nataka kusikia habari zake."

Ndiyo maana nimesimama leo. Ni yeye aliyenipa ruhusa.

Kwa hivyo, ndugu zangu, simwambii mtu yeyote hapa kwamba akimwamini Yesu paa lake halitang'oka. Langu liling'oka na nilikuwa nimeokoka. Simwambii mtu kwamba mtoto wake hatakufa. Sijui kwa nini boriti ile ilianguka na nguzo zile zikasimama, na siku nitakapomwona Bwana nitamwuliza, na Mama Odhiambo atakuwa amesimama karibu nami akingoja jibu. Ninachojua ni hiki, kwamba nilipoishiwa nguvu kabisa nilimkuta Yeye, na hajaniacha tangu hapo. Namshukuru kwa ajili ya Kioko. Namshukuru kwa ajili ya Susu, ambaye mgongo wake ulibeba nyumba. Namshukuru kwa ajili ya rafiki yangu.

Kama uko hapa leo na umemshika mtu wako kwa nguvu zako zote na mikono imechoka, usione haya. Njoo. Mimi na Mama Odhiambo tutakuwa hapa mbele wakati wa wimbo, na tutaomba na wewe.